Ijumaa kwa Herufi Ndogo

Bagamoyo
Jumamosi, 12 mfunguo pili

Najma,

Hivi wewe miguu yako imekatwa? Kutoka Dar mpaka hapa mtu anaondoka na tambuu mdomoni akafika hajaitema, nawe tangu Maulidi hujakanyaga kizingiti changu. Idd umeniletea salamu kwenye simu ya kaka yako, kama mtu anayemsalimia jirani wa mtaa wa tatu. Nilikuwekea mkate wa mchele chini ya kawa, ukakaa mpaka ukaota ndevu. Nikawapa kuku. Kuku walionyesha shukrani kuliko wewe.

Usinipigie simu. Sikio la kulia limekufa, na la kushoto linasikia linachotaka. Andika, kama ninavyoandika mimi ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kunishikia chaki. Herufi zangu nimeziokota moja moja nikimchungulia baba yako begani akifanya kazi za shule. Kama mimi naweza, wewe una udhuru gani?

Sasa sikiliza. Kaka yako Qais anaoa. Msichana mwenyewe alimpata kule kwenye visiwa vya Wahispania alikokwenda kusomea ufugaji wa samaki, kana kwamba samaki wa hapa walimkosea kitu. Amekuja naye. Anaitwa Nuria, mimi namwita Nuru, anaitika. Mwembamba huyo, upepo ukivuma unamshika mkono. Lakini anakula, na akimaliza anaosha sahani. Nimemkubali. Sijamwambia.

Shida ni mama yake. Anaitwa Pilar, mjane, yuko huko kwao, na hajui lugha ya mtu yeyote isipokuwa yake. Nuru amesema wazi mbele ya wazee, Qais akimfasiria: mama yake asipokuwepo akaona kwa macho yake, yeye hatoki chumbani, na ndoa hakuna. Wazee wakaguna. Mimi nikasema huyu ana akili. Kwa hiyo mama huyo lazima afike, na afike ndoa haijafungwa. Kihispania cha Qais ni cha samaki tu; wewe ndiye mwenye Kihispania chenyewe, kile kilichotukosesha uso wako miaka mitano ukiwa Havana. Nacho leo kitufae.

Mwaliko nimeuandika mwenyewe, maana mgeni huitwa na mwenye nyumba, si na bibi harusi. Uweke kwa lugha yao kama ulivyo, usiupake wanja:

"Kwa Mama Pilar. Salamu nyingi. Binti yako anaolewa na mjukuu wangu. Ndoa itafungwa nyumbani kwangu usiku wa Ijumaa ya pili baada ya Idd kubwa, saa mbili, watu wakitoka kusali Isha. Kutoka uwanja wa ndege mpaka kwangu ni mwendo wa kuchoka tako moja. Wakati huo ni kipupwe, joto si la kuua mtu, ila ulete nguo ya kujifunika alfajiri. Mchele upo pishi ishirini na mbuzi watatu, usibebe chakula. Mimi bibi yake Qais, Mwaija."

Barua hii inakuja na kirikuu ya Shuaibu anayepeleka samaki Dar, ndani ya kapu. Humo mna samaki wa kukaanga, achari ya ndimu na visheti. Kapu lirudi. La mwisho ulilala nalo.

Bibi yako,
Mwaija


Sinza, Dar es Salaam
14 Mei 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kapu limefika. Visheti nimevimaliza peke yangu, ofisini sikumwonjesha mtu. Nimefurahi sana kwa Qais.

Mwaliko nimeusoma. Niwie radhi, Bibi, lakini hivi ulivyo hauwezi kwenda. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Watu wananiletea maelekezo ya pampu za maji na karatasi za dawa, nami nahakikisha kwamba Mhispania akisoma namba, anaona kiasi kile kile tulichokiona sisi. Namba haitafsiriwi kwa kuinakili. Tunapoandika 2.5 sisi, wao wanaandika 2,5, yaani mkato unakaa mahali pa nukta. Elfu, ambayo sisi tunaikata kwa mkato, wao wanaiachia nafasi tupu au wanaiwekea nukta. Ukizembea hapo, tani moja na nusu inasomeka tani elfu moja na mia tano. Na hao ni wa Ulaya. Ukivuka kwenda Meksiko wana nukta kama yetu, lugha ni hiyo hiyo. Kati ya namba na kipimo kunakaa nafasi. Majina ya siku na miezi yanaanza kwa herufi ndogo. Saa wanazihesabu kuanzia katikati ya usiku mpaka ishirini na nne, si kama sisi tunaoanza jua likichomoza.

"Mwendo wa kuchoka tako moja" si kipimo. Nimeandika 75 km. "Joto si la kuua mtu" nimeangalia wastani wa Juni, nimeandika 24,5 °C. Pishi ishirini nimezifanya 54 kg, nikikadiria pishi ya mchele kuwa kilo mbili na sehemu saba za kumi. Mbuzi nimewaacha watatu.

Sasa tarehe. Mwezi uandame siku moja au uandame siku ya pili yake, Ijumaa ya pili baada ya Idd kubwa inaangukia Juni 20. Saa mbili usiku kwao ni 20:00. Kwa hiyo nimeandika: viernes 20 de junio de 2025, 20:00 h. Hilo neno la mwanzo ndiyo Ijumaa. Kabla sijatuma naomba unithibitishie kwa maandishi: ndoa ni Ijumaa? Tarehe ikishatoka mikononi mwangu, Mama Pilar atakata tiketi kwa hiyo hiyo.

Mjukuu wako,
Najma


Bagamoyo
Jumatatu, 21 mfunguo pili

Najma,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili: ya kwanza kwa hasira, ya pili nikitafuta mahali ulipouliza hali yangu. Sikupaona. Goti linauma, ahsante.

Kwa hiyo tulikupeleka mpaka Havana, ukakaa miaka mitano, tukikulilia kila mwandamo, umerudi na mkato. Wenzio wamerudi na udaktari. Jirani yangu Sihaba aliniuliza juzi, "Hivi mjukuu wako anafanya nini hasa pale mjini?" Nikamjibu, "Anaondoa nukta, anaweka mkato." Akacheka mpaka kanga ikamponyoka. Na mimi nikacheka, nifanyeje?

Na hiyo Ijumaa. Siku kubwa kuliko zote, watu wanakoga, wanavaa kanzu, wanajitia udi, halafu hao jamaa zako wanaiandika kwa herufi ndogo kama jina la mbuzi. Nawe ukaandika hivyo hivyo, mkono usitetemeke.

Tako moja ni kipimo. Kila mtu analo. Hiyo kilomita nani amewahi kuikalia?

Halafu unataka nithibitishe. Mimi nimeoza watoto, nimeoza wajukuu, hakuna aliyewahi kuniomba uthibitisho. Nimesema usiku wa Ijumaa. Mama yangu aliolewa usiku wa Ijumaa. Mimi niliolewa usiku wa Ijumaa. Na Qais nimemlea kwa mkono huu tangu mama yenu alipofariki, nikimwomba Mungu kila siku anibakize nimwone akioa usiku huo huo. Kitu kimoja hicho tu. Sikuomba gari, sikuomba bati. Hukusikia mara ya kwanza? Ijumaa ni Ijumaa. Usiniulize tena, mimi si pampu ya maji.

Tuma hiyo karatasi. Nimekuwekea papa mkavu na nazi mbili, maana Shuaibu anasema umekonda, shingo yako inafika kabla yako. Upike, usikae ukimtazama papa ukimhesabia gramu.

Bibi yako,
Mwaija


Sinza, Dar es Salaam
26 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Pole sana kwa goti. Kwenye kapu utakuta dawa ya kuchua. Unapaka kidogo asubuhi na jioni, si kiganja kizima.

Mwaliko nimetuma. Mama Pilar amejibu kwa furaha na tiketi ameshakata. Nimemwandikia na Nuria, amenishukuru.

Iko siku nitakueleza yaliyotokea mtu alipoacha nukta mahali pa mkato kwenye dawa ya watoto. Si habari ya kuangusha kanga kwa kicheko. Lakini sibishani nawe. Umesema Ijumaa, nimeandika Ijumaa.

Idd kubwa sitaweza kuja. Kazi zimenibana.

Najma


Sinza, Dar es Salaam
17 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, na Idd Mubarak ingawa nimechelewa.

Nakuletea habari za mgeni ili ujipange. Mama Pilar anaondoka kwao Alhamisi, anabadilisha ndege mara mbili, na anatua Dar Ijumaa saa tatu asubuhi. Nimeomba ruhusa kazini, nitampokea mwenyewe, na Shuaibu amekubali kutuleta. Tutakuwa kwako kabla ya adhuhuri, apate kuoga na kupumzika mpaka saa ya ndoa. Nimefurahi kwamba kila kitu kimekwenda sawa.

Najma


Bagamoyo
Jumatano, 21 mfunguo tatu

Najma,

Barua imenikuta nachambua mchele. Nimeisoma, ungo ukanianguka.

Ndoa ni kesho.

Kesho Alhamisi jua likizama, Alhamisi imekwisha, na usiku wa Ijumaa umeingia. Hivyo ndivyo ulivyolelewa nyumba hii. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikusugua miguu Alhamisi magharibi uende kusoma Yasini na wenzio, na nikikuuliza, "Leo usiku gani?" unaitika, "Wa Ijumaa, Bibi." Nani aliyekufuta hilo kichwani? Hao watu wa herufi ndogo usiku wao unafuata nyuma ya siku kama mkia. Wa kwetu unatangulia. Wewe ukauchukua usiku wangu ukaenda kuuning'iniza nyuma.

Sasa mama wa watu atafika sisi tumeshakula tumelala. Nuru hatatoka chumbani, hilo usiwe na shaka nalo, nimemwona macho yake. Qais atabaki amekaa mbele ya sheikh kama gunia la mkaa, na mji mzima umealikwa.

Usimpigie Qais. Usimwambie mtu neno. Nenda uwanjani, mpokee mgeni, mlete. Mengine niachie mimi. Kukutukana inavyostahili sina nafasi, mchele unaningoja.

Kapuni mna maandazi tu leo. Ule kabla ya kwenda uwanjani, usije ukamzimikia mgeni miguuni.

Mwaija


Bagamoyo
Ijumaa, 20 Juni 2025

Najma dada yangu,

Barua hii nampa Shuaibu anayekuja kuwachukua uwanjani. Sitaki kusema kwenye simu, nyumba imejaa watu.

Jana ndoa haikufungwa. Mama Pilar tulimngoja mchana kutwa, Bibi akisema ndege yake imechelewa, kisha baada ya Alasiri Bibi akaanguka uani, karibu na masufuria ya pilau. Tulimbeba mpaka kitandani. Hospitali amekataa katakata. Akasema kwa sauti ya mtu anayeaga kwamba ndoa ya mjukuu wake haifungwi yeye akiwa amelala chali, isogezwe mpaka kesho saa mbili, kama Mungu atamfikisha hiyo kesho. Nani angethubutu kukataa? Wageni walikula pilau, wakaomba dua, wakaondoka. Sheikh alimsomea Yasini. Bi Sihaba alilia mpaka akapewa maji.

Nuria ndiye aliyekaa naye. Ameniambia nisiogope, lakini alikuwa anasema hivyo huku anajiziba mdomo kama anayezuia kicheko. Nadhani ni hofu, kwao huenda hofu inawatoka hivyo. Jambo jingine limenishangaza: mgonjwa amemaliza mkate wa sinia mzima na birika la chai ya tangawizi. Hiyo ni dalili ya nini? Wewe umetafsiri mambo mengi ya dawa, niambie ukweli.

Mama Pilar usimtie wasiwasi. Mwambie ndoa ni leo.

Ndugu yako,
Qais


Sinza, Dar es Salaam
22 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo.

Barua ya Qais niliisomea uwanjani, nimesimama na kibao chenye jina la Mama Pilar. Nilipofika kwenye mkate wa sinia nikaanza kucheka, kisha nikawa nalia, vyote kwa pamoja. Yeye akatoka na mizigo yake akanikuta hivyo. Akadhani ndiyo desturi yetu ya kupokea mgeni, akanikumbatia, naye akalia.

Mama Pilar aliishuhudia ndoa. Nuria alitoka chumbani akiwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nyuma ya wanawake, karibu na mlango, nikakuona kwenye kiti umejifunika shuka mpaka kidevuni, ukikohoa kila Bi Sihaba anapogeuka. Kabla sahani hazijatoka niliondoka, nikachukua bajaji mpaka stendi. Najua uliniona.

Nayaandika haya kwa sababu uso kwa uso sitayaweza. Niliuliza, Bibi. Nilikuomba unithibitishie na ukanijibu nisikuulize tena, na karatasi hiyo ninayo. Lakini kosa linabaki kwangu. Wewe ulisema usiku unaoujua. Mimi ndiye ninayejua usiku wa aina mbili, wenu na wao, ndiyo sababu nikaitwa. Njia niliigeuza kwa uangalifu, joto nikaligeuza, pishi nikazigeuza, nikajisifu. Usiku nikaupitisha kama ulivyo, kwa sababu nilidhani hauna kipimo. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza akifanya hivyo ninamrudishia kazi yake.

Na kitu kimoja ulichomwomba Mungu nimekunyang'anya. Qais ameoa usiku wa Jumamosi.

Uliniuliza miguu yangu imekatwa na nini. Kila nikija unaniuliza mbele ya watu kazi yangu ni ipi hasa, na nikianza kueleza mnacheka, wewe wa kwanza. Nimechoka kuchekwa kwenye nyumba niliyokulia. Hiyo ndiyo sababu. Kazi hazijanibana.

Nitawaandikia jamaa wote niwaambie hukuwa mgonjwa, na kwamba chanzo ni mimi. Sheikh amekuombea, watu wamekulilia. Ni haki yao wajue.

Najma


Bagamoyo
Jumanne, 27 mfunguo tatu

Najma,

Marahaba. Humwandikii mtu yeyote. Ukiandika nitaanguka tena, na safari hii sitaamka kwa mkate wa sinia.

Haki gani wanayo hao? Waliokuja kunililia niliwatazama kwa jicho moja chini ya shuka. Mmoja alikuwa anaangalia dari langu kama limeoza. Wawili walikuwa wanaulizana kwa mnong'ono nyumba itakuwa ya nani. Sihaba ndiye aliyelia machozi ya kweli, nami nilikuwa sijamsamehe maneno aliyoyasema juu ya biriani langu kwenye maulidi, ikanibidi nimsamehe pale pale, nimelala, bila kupenda. Sheikh alinisomea Yasini kwa sauti nzuri sana. Haimdhuru mtu mzima. Walikula Alhamisi, wakarudi wakala Ijumaa. Watu wamekula harusi moja mara mbili, sasa wewe unataka kuwapelekea barua ya kuwaomba radhi.

Nuru alijua tangu mwanzo. Aliingia akanikuta nimejaza mashavu mkate, akasimama. Nikamtazama, akanitazama. Akafunga mlango kwa ndani, akaketi, akaanza kunikanda miguu. Sasa nimemwambia kuwa nimemkubali. Hakuelewa, lakini nimemwambia.

Usiku wa Ijumaa niliutaka, sitakudanganya. Niliulilia kimya kimya chini ya lile shuka watu wakisema ni homa inapanda. Kesho yake nikamwona yule mtoto anatoka chumbani na mama yake, wameshikana mikono, hujui nani anamshika nani, na Qais amekaa anatokwa jasho kama amebebeshwa kabati. Nikajisemea, Mungu wa Ijumaa na wa Jumamosi ni yule yule, wala hana kalenda mbili kama mjukuu wangu. Basi. Nimemaliza nalo.

Kuhusu kuuliza: ni kweli uliuliza. Barua nimeitafuta, nimeiona. Uliuliza vibaya. Ungesema, "Bibi, tukae mkeka tayari jua la siku gani likizama?" ningekujibu Alhamisi kabla hujafunga mdomo. Wewe ukaniletea "thibitisha". Thibitisha ni neno la kumuuliza karani.

Sasa hili la kuchekwa. Nani alikucheka? Sihaba? Sihaba ana meno mawili na hayo mawili hayaongei. Ndiye unayemkimbia mpaka Sinza? Mimi nilicheka, ndiyo. Mimi huwacheka watu ninaowapikia. Nisiowapikia siwacheki, nawapita njiani kama nguzo za umeme. Lakini ulipaswa kuniambia siku ile ile, usimame pale pale sebuleni uniambie, "Bibi, acha." Ningekupiga na mwiko, halafu ningeacha. Umekaa na jambo hilo tumboni tangu lini? Ndiyo maana hunenepi. Sitakuuliza tena mbele ya watu. Nitakuuliza jikoni, tukiwa wawili, na utanieleza polepole mpaka nielewe, hata ikichukua gunia zima la mbaazi kumenya.

Ila sasa nina balaa jipya, nalo ni lako kutoka utosini mpaka unyayoni. Mama Pilar anaamini mimi ni mgonjwa. Kumbe huko kwao kazi yake ilikuwa kuuguza wazee. Ameninyang'anya jiko langu. Nikisimama ananikalisha, nikikaa ananilaza, nikilala ananigeuza. Ananipikia supu isiyo na ndimu wala pilipili, maji ya kuoshea viazi yana ladha kuipita. Juzi alinitolea dawa ya kikohozi aliyotoka nayo kwao. Sihaba akajitia msomi, akaichukua chupa, akatangaza, "Ishirini na tano." Nikamwambia, "Huo ni mkato, Sihaba. Ni mbili na nusu. Mjukuu wangu ana kazi ya hayo, wewe unge­niua." Akairudisha chupa taratibu. Nami dawa nikaimwagia mrehani, na mrehani hauna hali.

Qais na Nuru siwezi kuwaita, wako fungate Kerege kwa shangazi yenu, na fungate haiingiliwi. Kwa hiyo nyumba nzima hakuna mdomo wa kuzungumza na huyu mama isipokuwa mikono, na mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Mama mwenyewe ni mwema, sitaki kumvunja moyo. Jana tumechambua mchele pamoja bila neno, akaimba kitu cha kwao, nami nikamwitikia cha kwetu. Lakini anaondoka Ijumaa mchana, na sitaki aende kwao akilia njia nzima akidhani ameniacha nakufa.

Kwa hiyo fuata ninavyokuelekeza. Njoo keshokutwa, Alhamisi, asubuhi mapema kabla hajawasha jiko. Pitia mlango wa uani. Tutaketi mkekani, yeye, mimi, na wewe katikati. Nitamwambia mimi ni mzima na nataka jiko langu. Atauliza kwa nini basi nilianguka. Hapo nitasema kwamba ni mimi niliyekosea kumwandikia siku, uzee umenipiga kichwani, ikabidi nijilaze ili asipitwe na ndoa ya mwanawe. Wewe utayatafsiri hayo kama yanavyotoka kinywani mwangu, siyo kama unavyojua wewe. Usiongeze, usipunguze, usitazame chini. Na uketi karibu yangu sana, paja lako nilifikie, maana ukianza tu kusema ni wewe, nitakufinya.

Bibi yako,
Mwaija